Chumvi ya Tabibu Cade

Mtaani kwetu yuko fundi cherehani mmoja, mtu mpole na wa maneno machache, ambaye zamani kila baada ya miezi kadhaa alikuwa akipotewa na usingizi kabisa. Basi cherehani yake ikasikika ikilia hata alfajiri, na asubuhi zikakutwa kibarazani kanzu zisizoagizwa na mtu, nyingine hazina mikono, naye akizigawa bure kwa wapitao huku maneno yakimbubujika. Kisha akajifungia chumbani, akalala wiki nzima kaupa uso ukuta, hali wala hasemi. Wazee walisema ana jini. Vijana waliosoma wakasema la, ni kemikali za ubongo zimemzidi. Nami nilikuwa upande wa vijana, wala sijauhama, ila sasa naona walifanya haraka.

Kwamba seli za neva huzungumza kwa kutumiana kemikali, kama dopamini, noradrenalini na serotonini, hilo halina ikhtilafu. Na dawa zinazoizuia dopamini hutuliza jazba ya baipola, maradhi kama haya ya fundi wetu ya kupanda jazba kisha kushuka sonona, jambo ambalo ni dalili njema kuwa kemikali hiyo imo katika shauri hili. Mwaka 1965 Joseph Schildkraut, tabibu wa Marekani, alitoa dhana kwamba noradrenalini ikipungua huja sonona, na ikizidi huja jazba. Dhana nzuri, lakini ubongo si kandili ya kutiwa na kupunguzwa mafuta: dawa za sonona huzibadili kemikali hizo ndani ya saa chache tu, na mgonjwa aghalabu hungoja wiki kadhaa ndipo aone nafuu.

Na lithiamu, dawa iliyo mashuhuri kuliko zote kwa maradhi haya, haikutokana na dhana yoyote ya namna hiyo. John Cade, tabibu wa Australia, alidhani jazba huletwa na sumu ya mwilini itokayo pamoja na mkojo, akawadunga simbilisi asidi ya mkojo iliyoyeyushwa kwa lithiamu, si kwa sababu nyingine ila iyeyuke. Simbilisi wakatulia tuli. Mwaka 1949 akatangaza habari za wagonjwa kumi wa jazba aliowapa chumvi ya lithiamu. Na wa kwanza wao, aliyekuwa na jazba miaka mitano, alirudi kwao na kazini, akaiacha dawa, akaugua tena, akaanzishiwa upya, na mwaka 1950 akafa kwa sumu ya lithiamu ile ile.

Kifo hicho ndicho kinachonishughulisha kuliko mjadala wa majini na kemikali. Lithiamu ni jamaa ya chumvi ya mezani, na figo hazizitofautishi sana. Mwili ukikosa maji na chumvi, kwa kuharisha, kwa joto la kaskazi, au kwa saumu iliyofungwa pasipo kumshauri tabibu, figo huizuia lithiamu ikazidi damuni, na baina ya kipimo kinachofaa, yaani milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, na kile cha hatari, nafasi ni nyembamba mno. Kumpa mtu vidonge hivi bila kumpima damu ni kumtosa, na zahanati isiyoweza kupima yapasa impeleke panapopimika.

Fundi wetu, ambaye sasa naye hunywa vidonge hivi, anayo kadi ya vipimo vya damu, ameitia katika kopo la vifungo. Juzi, huku akinipima bega, alinionyesha mstari wa mwisho: 0.8. Kisha akaniuliza kama kanzu yangu naitaka na tarbushi.