Baba, Nenda na Mwanao Kumjulia Hali Jirani

Kijana anayemsikia baba yake akisifiwa kwa ngumi atajifunza nini kuhusu uanaume?

Tutazame Kaduna, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 1992, Wakristo na Waislamu wa jimbo hilo walipopigana, mchungaji James Wuye na imamu Muhammad Ashafa waliongoza vijana wenye silaha, kila mmoja upande wake. Wuye alikatwa mkono wa kulia. Ashafa aliuliwa mwalimu wake wa dini na jamaa zake wawili. Kila mmoja alikuwa na kisasi moyoni, na nyuma yake vijana wakingoja neno lake.

Mwaka 1995 mwandishi wa habari aliwakutanisha, na mwaka huohuo wakaanzisha kituo cha usuluhishi baina ya dini. Msidhani walipendana papo hapo. Wuye mwenyewe amesimulia kwamba walipolala chumba kimoja safarini, lilimjia wazo la kumziba Ashafa pumzi kwa mto. Hakufanya hivyo. Kulipokucha wakaendelea na kazi. Mimi uanaume nauona hapo, kwa mtu aliyeuzuia mkono mmoja aliobaki nao.

Na Ashafa je? Mama yake Wuye alipougua, alikwenda kumjulia hali. Nani kati yetu hawezi kufanya hivyo?

Baadaye walifika hata Burnt Forest, Kenya, kuwapatanisha Wakikuyu na Wakalenjin baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007.

Basi tuanzie nyumbani. Mwanao akirudi kutoka shule mdomo umevimba, utamwuliza nini kwanza? "Na wewe ulimpiga?" Au, "Imekuwaje, mwanangu?" Mpe maji anawe. Mwache aseme mpaka amalize, na akitaka kulia, alie. Kijiweni na kazini nako, mwenzetu akichekwa kwa kukataa ugomvi, sisi wenye umri tuwe wa kwanza kumtetea. Vijana wanatuangalia sana, hata wanapojifanya wako kwenye simu.

Na yule usiyesalimiana naye, wa dini nyingine, wa kabila lingine, au mpangaji mliyegombania maji? Huenda wiki hii ana mgonjwa. Nenda, na mwanao abebe matunda. Mkae kidogo tu, mgonjwa apumzike, na mnapoaga mwulizeni mrudi lini.