MWALIMU WA TIMU NAYE NI MFANYAKAZI

Katika mwezi mmoja wa Novemba, mwaka 2019, klabu zetu mbili kubwa za mpira, Yanga na Simba, zote ziliwaondoa walimu wao. Mwinyi Zahera alitoka Jangwani mwanzoni mwa mwezi, baada ya Yanga kutolewa na Pyramids ya Misri katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Mwezi ulipokuwa ukiisha, Patrick Aussems naye akatoka Msimbazi, na siku hiyo Simba walikuwa wakiongoza ligi. Tangu wakati huo hadi Desemba 2025, kila moja ya klabu hizo iliagana na walimu wakuu tisa, bila kuwahesabu wale walioshikilia kazi kwa muda. Timu mbili, miaka sita, walimu kumi na wanane.

Hatusemi kwamba wote kumi na wanane walifukuzwa. Wako walioondoka kwa hiari yao, wakaenda penye mshahara mnono zaidi au wakarudi kwa jamaa zao. Wala hatusemi kwamba kila aliyefukuzwa alionewa. Mwezi Julai 2020 Yanga walimwachisha kazi Luc Eymael kwa maneno ya ubaguzi aliyowatolea mashabiki wa klabu iliyokuwa ikimlisha. Jambo hilo lilikuwa haki tupu, na mwananchi yeyote mwenye kujiheshimu angefanya vivyo hivyo. Mtu anayemdharau Mwafrika hana nafasi ya kumfundisha Mwafrika, hata akishinda mechi zote.

Lakini ukimtoa huyo, hesabu yabaki nzito. Zlatko Krmpotić aliingia Yanga mwaka 2020. Aliongoza mechi tano za ligi, akashinda nne na kutoka sare moja. Tarehe 3 Oktoba timu yake iliifunga Coastal Union mabao 3-0, na siku hiyo hiyo akaambiwa kazi imekwisha. Akaja Cedric Kaze, ambaye aliipandisha timu hadi kileleni mwa ligi. Machi 2021, baada ya sare ya 1-1 na Polisi Tanzania, naye akaondolewa pamoja na wasaidizi wake, hali Yanga ingali inaongoza. Basi katika msimu mmoja walifukuzwa walimu wawili, mmoja hajafungwa katika ligi na mwingine yuko juu ya wote. Msimu ulipokwisha, ubingwa ulikwenda Msimbazi.

Msimbazi nako hawakuwa na la kujivunia katika jambo hili. Didier Gomes aliipa Simba ubingwa wa 2020/21. Oktoba 2021 timu ilifungwa nyumbani 3-1 na Jwaneng Galaxy ya Botswana, ikatolewa, naye akaondoka. Aliyemfuata, Pablo Franco, aliondolewa Mei 2022 baada ya kufungwa 1-0 na Yanga katika nusu fainali ya kombe la shirikisho la nchi. Robertinho alichukua Ngao ya Jamii Agosti 2023 mbele ya Yanga hao hao. Novemba 5 akafungwa nao 5-1, na siku mbili baadaye akawa si mwalimu tena. Mwaka 2025 Dimitar Pantev aliingia mwezi Oktoba, na Desemba ilipoanza alikuwa amekwisha kutoka.

Wazee wetu walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini. Methali hiyo ndiyo inayotawala benchi za timu zetu. Kombe la jana halimlindi mwalimu na kipigo cha leo. Miguel Gamondi aliifikisha Yanga katika makundi ya Klabu Bingwa Afrika msimu wa 2023/24, mahali ambapo klabu hiyo haikuwa imefika tangu mwaka 1998. Akaitoa katika makundi hadi robo fainali, wakatolewa kwa penalti na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Akaongeza ubingwa wa ligi na kombe la nchi. Novemba 2024 alifungwa mechi mbili mfululizo, moja na Azam na nyingine na Tabora United. Mechi mbili zikazima mwaka mzima.

Sasa na tutazame upande wa pili wa shilingi, maana ushahidi hauko mbali. Nasreddine Nabi aliingia Yanga Aprili 2021. Msimu huo hakupata ubingwa, na fainali ya kombe la nchi iliyochezwa Kigoma akafungwa na Simba. Septemba ya mwaka huo huo Rivers United ya Nigeria ikaitoa Yanga mapema katika Klabu Bingwa, nyumbani na ugenini. Kwa kipimo kile kilichowaondoa Zahera na Aussems mwaka 2019, Nabi alistahili kufukuzwa kabla ya Krismasi. Safari hii uongozi ulivumilia. Msimu uliofuata Yanga walitwaa ubingwa bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Msimu wa pili wakautwaa tena, na mwaka 2023 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, wakalikosa kombe kwa tofauti ya bao la ugenini tu mbele ya USM Alger. Mwalimu huyo huyo, klabu hiyo hiyo, mitaa hiyo hiyo ya Kariakoo. Kilichobadilika ni kwamba alipewa muda.

Watakuwako wasemao kwamba mabadiliko nayo huleta faida, na hoja hiyo yafaa ijibiwe kwa haki. Oktoba 2025 Yanga walimwondoa Romain Folz siku ile ile walipofungwa 1-0 na Silver Strikers huko Malawi. Wiki moja baadaye, chini ya msaidizi aliyeshikilia timu, walishinda 2-0 na kusonga mbele. Je, si dawa imefanya kazi? Twajibu kwamba deni la bao moja, na mechi ya marudio ichezwe nyumbani, si deni la kumfilisi mtu. Mwaka 1979 Simba walifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers wa Zambia hapa hapa Dar es Salaam, wakasafiri hadi Lusaka wakashinda 5-0. Mpira una marudio yake. Anayeshinda baada ya kumfukuza mwalimu hawezi kuthibitisha kwamba asingalishinda pamoja naye.

Kwa nini basi viongozi hukimbilia panga? Sababu ya kwanza ni kwamba mwalimu ni mmoja, na wachezaji ni wengi. Kumfukuza mtu mmoja ni kazi ya barua moja. Kukiri kwamba usajili ulikuwa mbovu ni kazi ya kujihukumu mwenyewe. Mara nyingi mwalimu hukuta wachezaji wamekwisha sajiliwa na wengine, naye huulizwa matokeo ya kikosi asichokichagua. Mti hawendi ila kwa nyenzo. Mtu aliyenyimwa nyenzo halafu akalaumiwa kwamba gogo halikusogea, huyo ameonewa.

Sababu ya pili ni makelele ya mtaani. Kila ajuaye Kariakoo ajua jinsi siku ya baada ya kipigo ilivyo. Wachuuzi wa jezi wa Mtaa wa Msimbazi hawauzi, wapagazi wa sokoni hutaniana mpaka hasira, na mbele ya majengo ya klabu hukusanyika watu wakitaka kichwa cha mtu. Hasira hiyo ni ya mapenzi, nasi hatuidharau. Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka uliofuata, katika mitaa ya Waafrika, kwa michango ya watu wa kipato kidogo, na wenye klabu wana haki ya kuuliza. Lakini kazi ya kiongozi ni kuisikia hasira na kuipima. Kiongozi anayetupa mtu mmoja mbele ya umati ili yeye apate kulala usingizi, huyo hakuongoza bali ameongozwa.

Jambo hili lawahusu wanachama na wafanyakazi kuliko wanavyodhani. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, watu waliobebeshwa mizigo ya wengine na kuachwa bila shukrani. Si mbali na hapo, katika mtaa uitwao leo Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa watu walio chini yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo iliweka msingi kwamba mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu ya halali na ya haki, tena afuate utaratibu wa haki.

Hatuingii katika mabishano ya wanasheria juu ya mikataba ya muda maalumu. Twauliza swali la dhamiri. Kuli wa bandarini akifukuzwa kwa sababu meli imechelewa, sote tutapiga kelele. Mfumaji wa kiwandani akifukuzwa kwa sababu pamba iliyoletwa ilikuwa mbovu, chama chake cha wafanyakazi kitasimama. Mbona mwalimu wa mpira akifukuzwa kwa penalti iliyogonga mwamba, sisi hao hao twashangilia? Kwamba mshahara wake ni mkubwa si jawabu. Haki haipimwi kwa ukubwa wa bahasha. Anayezoea kushangilia uonevu Jumapili uwanjani, Jumatatu kazini hatakuwa na sauti ya kuupinga.

Tena gharama ni ya wanachama. Tangu mwaka 2021 Shirikisho la Mpira la Dunia, FIFA, lina kanuni mahsusi za kulinda mikataba ya walimu. Klabu inayovunja mkataba bila sababu ya haki hulipa fidia, na isipolipa yaweza kuzuiwa kusajili wachezaji. Kwa hiyo kila barua ya haraka ni hundi iliyoandikwa gizani: klabu humlipa anayekwenda, humlipa anayekuja, na huanza upya kujifunza mbinu nyingine. Mchagua jembe si mkulima.

Wako pia wasaidizi wetu wa nyumbani, ambao uonevu wao haupigiwi makelele. Juma Mgunda aliitwa Simba Septemba 2022 baada ya Zoran Maki kuondoka, akaifikisha timu katika makundi ya Klabu Bingwa Afrika, na Januari 2023 akarudishwa nyuma ya mgeni. Aprili 2024 Abdelhak Benchikha alipoondoka, akaitwa tena kuzima moto. Na katika timu ya taifa, Hemed Suleiman ndiye aliyeiongoza Taifa Stars kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika za 2025. Novemba ya mwaka huo, majuma machache kabla ya fainali, TFF ikaachana naye kwa hatua iliyotangazwa kuwa ya makubaliano. Kazi ilipewa Gamondi, yule yule aliyeonekana hafai Jangwani mwaka mmoja kabla, naye akaifikisha nchi katika kumi na sita bora kwa mara ya kwanza. Twampongeza. Lakini habari hiyo yafunza mambo mawili: kwamba aliyetupwa hakuwa takataka, na kwamba aliyepanda hakupewa nafasi ya kuvuna.

Basi nini kifanyike? Kwanza, shabaha za mwalimu ziandikwe siku ya kutia sahihi, kwa maneno ambayo mwanachama wa kawaida aweza kuyasoma. Pili, mwalimu awe na kauli katika usajili. Asiyekuwa na kauli asibebeshwe lawama. Tatu, kabla ya kuondolewa aitwe mbele ya kamati ya ufundi, aelezwe kosa lake na asikilizwe, na uamuzi usitolewe usiku wa mechi. Nne, haki zake zote zilipwe siku anayokabidhi kazi. Tano, mkutano mkuu wa kila mwaka upewe hesabu ya fedha zilizokwenda katika kuvunja mikataba, na viongozi waliovunja waijibu hesabu hiyo. Sita, msaidizi wa nyumbani aliyethibitisha uwezo wake apewe mkataba wa mwalimu mkuu, si koti la kuazima.

Mambo haya hayahitaji fedha za kigeni wala wataalamu kutoka ng'ambo. Yahitaji wanachama ambao, timu ikifungwa, watauliza maswali yao kwa uongozi mzima badala ya kuridhika na kichwa cha mtu mmoja. Klabu ni mali yao. Siku watakapoyauliza maswali hayo katika mkutano mkuu, hesabu ikiwa mezani, barua za usiku zitakoma zenyewe, kwa kuwa hapana kiongozi atakayethubutu kuandika asichoweza kukitetea mchana.