Mirija Mipya Katika Simu za Mkononi

Wanyonyaji hawachoki kubuni mirija. Qualcomm, kampuni ya Marekani yenye makao San Diego, huchuma kwa njia mbili: huuza chipu za simu, na hukusanya mrabaha wa hataza zake kutoka kwa wenye viwanda vya simu. Katika mwaka wake wa hesabu wa 2024, kwa kila dola 100 za chipu faida kabla ya kodi haikufika dola 30. Katika mrabaha, faida ilipita theluthi mbili ya mapato.

Hakuna anayedai kwamba mgunduzi asilipwe jasho lake. Ubishi ni juu ya kipimo. Kwa miaka mingi simu za 3G zilitozwa hadi asilimia 5 ya bei ya simu nzima, si ya kile kifaa chenye ugunduzi. Simu ikitoka kiwandani kwa dola 100, mrabaha ni dola 5. Kiwanda kikitia kamera bora na kioo kizuri, bei ikafika dola 200, mrabaha nao unakuwa dola 10. Ni sawa na fundi wa bawaba kudai fungu la bei ya nyumba nzima, na mwenye nyumba akipaka rangi, fundi arudi kudai nyongeza!

Makasuku wa soko huru husema ushindani utarekebisha mambo. Mbona China haikungoja? Februari 2015 iliitoza Qualcomm faini ya dola milioni 975, na mrabaha wa simu zinazouzwa humo ukaanza kupigiwa hesabu juu ya asilimia 65 tu ya bei. Huko Marekani, hukumu ya Mei 2019 dhidi ya kampuni hiyo ilitenguliwa na mahakama ya rufani Agosti 2020.

Wafuasi wa soko watasema hayo ni ya wakubwa. Sivyo. Julai 2024 Qualcomm iliishtaki mjini Delhi kampuni ya Transsion, mtengenezaji wa Tecno na Itel, simu zilizo mikononi mwa walimu na wakulima wengi wa Tanzania. Faida ya simu ya bei nafuu ni nyembamba. Mrabaha ukizidi, kiwanda hupandisha bei au hubana ujira. Mwalimu wa Kigoma hulipa, wala hakuulizwa.

China ilisikilizwa kwa wingi wa wanunuzi wake. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina wanunuzi mamilioni na zina mamlaka yao ya ushindani. Zikae meza moja, zidai mrabaha upimwe kwa bei ya chipu.