Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Gari la Mkopo na Lugha ya Mkataba

Wahenga waliponena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, walikuwa wakimwonya mja anayefurahia cha mwenzake akasahau siku ya kukirejesha. Methali hiyo imepata makao mapya nchini Kenya, katika yadi za kuuzia magari. Siku ya kulichukua gari lililonunuliwa kwa mkopo huwa harusi kwelikweli. Jamaa huja kushuhudia, sala huombwa, utepe mwekundu hufungwa kwenye boneti, picha hupigwa na vigelegele husikika. Matanga hufuata baadaye, wala hayana waombolezaji wengi. Mwenye gari hubaki peke yake na hati ya mshahara iliyokondeana, simu za wadai zisizokoma na, mwishowe, madalali wanaofika alfajiri kulichukua gari kabla majirani hawajaamka.

Makala haya yanashikilia kwamba msiba huo hausababishwi na ukata peke yake, wala na tamaa ya wanunuzi peke yake. Sehemu yake kubwa hutokana na lugha. Aghalabu Mkenya hushawishiwa kukopa kwa Kiswahili, kisha akafungwa kwa Kiingereza asichokielewa. Maadamu hali iko hivyo, suala la madeni ya magari haliwezi kuachiwa wanauchumi na mawakili pekee. Linawahusu pia wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Ni vyema kukiri kwanza kwamba gari si anasa kwa kila anayelitafuta. Mkulima wa mboga anahitaji kufikisha mazao sokoni kabla hayajanyauka. Muuguzi wa zamu ya usiku anahitaji kurudi kwake salama. Kijana aliyehitimu na kukosa kazi huiona pikipiki kuwa ndiyo ajira yenyewe. Watu hawa hawakopi ili waonekane. Wanakopa kwa sababu bei ya taslimu imewapita kimo.

Na bei hiyo imepandaje? Magari mengi yanayouzwa nchini ni mitumba kutoka Japani, yanayopitia bandari ya Mombasa, nayo hayaruhusiwi kuingia yakiwa yamepita umri wa miaka minane. Tangu mwaka 2023 ushuru wa forodha kwa magari hayo ulipanda kutoka 25% hadi 35%. Juu ya huo huja ushuru wa bidhaa, ambao ni 20% kwa magari ya injini ndogo, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya 16%. Kila kodi hutozwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa kodi iliyotangulia. Mathalani, gari dogo ambalo forodha imelikadiria kuwa la shilingi 500,000 hufika shilingi 675,000 baada ya ushuru wa kwanza, shilingi 810,000 baada ya wa pili, na shilingi 939,600 baada ya wa tatu. Hapo ada nyinginezo za bandarini hazijahesabiwa, wala faida ya mwenye yadi.

Aidha, sarafu ya Kenya ilidhoofika hadi dola moja ikauzwa kwa takriban shilingi 160 mnamo Januari 2024, kabla ya kujikwamua mwaka huo huo. Petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita mnamo Septemba 2023. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipopendekeza kodi ya kila mwaka ya 2.5% ya thamani ya gari, wenye magari waliungana na vijana kuupinga, nao ukaondolewa mwezi Juni baada ya maandamano makubwa. Katika mazingira kama haya, mwenye kipato cha wastani hana budi kukopa au kutembea kwa miguu.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Tangazo la mkopo huja kwa Kiswahili kitamu, chepesi na cha kirafiki: miliki gari leo, lipa polepole, bila usumbufu. Mkopaji anapofika ofisini hukabidhiwa mkataba wa kurasa nyingi, wenye herufi ndogo, ulioandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani. Huonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Akiuliza, huambiwa kwamba ni mambo ya kawaida. Lugha ya kumwita ni ile anayoongea na mamake, na lugha ya kumbana ni ile ambayo hata kakake aliyefika chuo kikuu huisoma kwa kukwama.

Chukua neno moja tu: riba. Mnunuzi akiambiwa kuwa riba ni 14% kwa mwaka, hudhani amejua yote. Kumbe hajaelezwa kwamba asilimia hiyo inaweza kupigwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza huihesabu juu ya mkopo wote wa awali mpaka mwisho, hata pale ambapo sehemu kubwa imekwisha kulipwa. Njia ya pili huihesabu juu ya salio linalopungua kila mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miaka minne, njia ya kwanza humtoza mkopaji riba ya shilingi 560,000, naye hulipa shilingi 32,500 kila mwezi. Kwa njia ya pili, asilimia ile ile huzaa riba ya takriban shilingi 312,000, na malipo ya kila mwezi huwa kama shilingi 27,300. Tofauti inakaribia shilingi 250,000. Kwa hakika, riba ya 14% kwa njia ya kwanza ni sawa na takriban 24% kwa njia ya pili. Watu wawili wanaweza kuambiwa neno moja na tarakimu moja, kisha mmoja akalipa robo milioni zaidi ya mwenzake. Anayetaka kubaini tofauti hiyo hana haja ya shahada ya uchumi. Anahitaji sentensi mbili za Kiswahili sanifu, zilizoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba.

Kadhalika, riba ina tabia ya kubadilisha jina. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2012, mkopaji alitozwa 7.5% kwa siku 30, na makato hayo hayakuitwa riba bali ada. Anayekopa shilingi 10,000 hulipa shilingi 750, kiasi kinachoonekana kidogo. Akirudia kukopa kila mwezi kwa mwaka mzima, ada pekee humgharimu shilingi 9,000. Mikopo ya aina hii ndiyo inayokimbiliwa na wenye magari ambao mwezi umewalemea na siku ya kulipa benki imewadia. Deni dogo hukopwa ili kulisha deni kubwa, na yote mawili hunenepa. Bunge lilijaribu kuwakinga wakopaji kwa sheria ya mwaka 2016 iliyozuia riba za benki kupita asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Benki nyingi zikapunguza mikopo kwa watu wa kipato cha chini, na kizuizi hicho kikaondolewa mnamo Novemba 2019. Funzo lake ni kwamba kudhibiti bei ya mkopo ni vigumu. Kumweleza mkopaji bei hiyo kwa lugha anayoielewa ni rahisi zaidi, ila halijafanywa kwa dhati.

Neno la pili linalopaswa kutazamwa ni kumiliki. Tangazo husema miliki, lakini mkataba hausemi hivyo. Kwa kawaida hati ya gari, ambayo wengi huiita logibuku, huandikwa majina mawili, la mkopeshaji na la mkopaji, hadi shilingi ya mwisho ilipwe. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika iliimarisha haki ya mkopeshaji kusajili dai lake juu ya mali kama hiyo. Si kosa kwa mkopeshaji kujilinda. Kosa ni kumwacha mkopaji aamini kwamba gari ni lake ilhali ni rehani inayotembea kwa magurudumu. Uchungu huzidi gari linapouzwa mnadani. Gari hushuka thamani kila mwaka, na bei ya mnada huwa ya chini. Ikiwa salio ni shilingi 700,000 na gari likanunuliwa kwa shilingi 450,000, mkopaji hupoteza gari na bado hudaiwa shilingi 250,000 pamoja na gharama za dalali. Wengi hulijua jambo hilo siku ile tu linapowafika.

Waendeshaji wa bodaboda wameumia vivyo hivyo, na pengine zaidi, kwa kuwa wao hulipa kila siku. Mathalani, pikipiki ya shilingi 180,000 kwa taslimu inaweza kutolewa kwa malipo ya shilingi 450 kila siku kwa siku 550. Shilingi 450 ni kiasi ambacho kijana anaweza kukipata kabla ya adhuhuri, kwa hiyo haimtishi. Jumla yake, shilingi 247,500, haitajwi. Wala haulizwi siku atakayougua, au siku ya mvua isiyokatika, malipo yatatoka wapi.

Hata hivyo, si haki kuwatwika wakopeshaji lawama yote. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na wapo wanaonunua magari ili wapate kuheshimiwa kazini, kanisani na kwenye vikao vya harusi. Mhitimu wa chuo kikuu aghalabu huanza kazi akiwa tayari anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, taasisi iliyoundwa mwaka 1995. Kabla deni hilo halijapungua, huchukua la gari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yazidi thuluthi mbili za mshahara, lakini mikopo ya simu na madeni ya dukani hayaonekani kwenye hati ya mshahara. Mwenye busara hupaswa kujumlisha malipo ya mwezi, mafuta, bima, matairi na fundi, kisha akajiuliza kitakachosalia kwa chakula na karo. Wahenga walisema akiba haiozi. Anayeweza kuweka akiba katika chama chake cha akiba na mikopo kwa miaka miwili, kisha akatoa malipo makubwa ya awali, huwa amejipunguzia deni na riba kwa pamoja.

Wapo watakaopinga kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuandikia mikataba ya fedha. Dai hilo halina mashiko. Riba, rehani, dhamana, mdhamini, mdai, mdaiwa, salio, mnada, dalali na hati ni maneno yaliyokuwa yakitumiwa na wafanyabiashara wa Lamu, Mombasa na Unguja kabla ya gari la kwanza kufika pwani hii. Nchini Tanzania, sheria ilibadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Nchini Kenya kwenyewe, Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Ni vigumu kueleza jinsi habari isiyoeleweka inavyoweza kumnufaisha mtu.

Wengine watasema kwamba hata wahadhiri wanaokimudu Kiingereza barabara wamenyang'anywa magari, hivyo tafsiri haitasaidia kitu. Hoja hii ina uzito. Mkataba mgumu wa Kiingereza ukigeuzwa kuwa mkataba mgumu wa Kiswahili, mkopaji atabaki gizani. Linalotakiwa ni ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, unaotangulia mkataba wowote wa gari au pikipiki na kujibu maswali manne: mkopaji atalipa shilingi ngapi kwa jumla hadi mwisho? Riba inahesabiwa juu ya mkopo wa awali au juu ya salio? Akikosa malipo ya mwezi mmoja, ni nini kitakachofuata na baada ya siku ngapi? Na gari likiuzwa mnadani kwa bei isiyotosha, nani atalipa kilichopungua? Mhadhiri na mwendeshaji wa bodaboda wote wangefaidika na ukurasa huo.

Kazi hiyo inawafaa mno wanafunzi wa Kiswahili. Kwa miaka mingi vyama vyao vimeandaa makongamano kuhusu fasihi, isimu na istilahi. Ni jambo jema. Lakini istilahi inayobaki kwenye makabrasha ya kongamano haijamkomboa mtu. Darasa la tafsiri linaweza kuchukua mkataba halisi wa mkopo, likaufanyia kazi kwa muhula mmoja pamoja na wanafunzi wa sheria na wa uhasibu, kisha likaupeleka kwenye vituo vya bodaboda na vyama vya akiba ili usomwe na wale unaowahusu. Wakikwama kwenye sentensi, sentensi ibadilishwe. Matokeo yake yanaweza kuwasilishwa kwa wabunge na kwa Benki Kuu kama pendekezo lenye mfano, badala ya malalamiko matupu.

Alhasili, magari yataendelea kununuliwa kwa mkopo, na uchumi hautalainika kwa sababu ya makala moja. Dawa ya deni ni kulipa, wala hakuna Kiswahili kitakachomlipia mtu deni lake. Lakini anayelijua deni kabla ya kutia sahihi anaweza kulikataa, kulipunguza au kulipanga. Anayelijua siku ya dalali hana la kufanya ila kusimama langoni na kulitazama gari likienda.