Kifurushi cha futari na swali la Askofu Câmara

Ramadhani iliyopita mlango wa mama yangu ulibishwa mara mbili katika wiki moja. Wa kwanza kubisha alikuwa kijana aliyetumwa na tajiri mmoja wa mtaa wetu, amebeba kifurushi cha futari: unga wa ngano, mchele, sukari, mafuta ya kupikia na pakiti mbili za tende. Mama alimuombea dua tajiri yule mpaka machozi yakamlenga. Wa pili alikuja siku nne baadaye na bahasha. Ndani mlikuwa na notisi ya miezi mitatu. Kiwanja kimeuzwa, nyumba iondolewe.

Wajumbe wawili, aliyewatuma mmoja.

Wenyeji wa Mombasa hawahitaji kuelezwa zaidi. Nyumba ni yetu, aliijenga marehemu baba, lakini ardhi iliyo chini yake si yetu, na kila mwezi twalipa kodi ya kiwanja. Tumelipa tangu mimi sijazaliwa, na leo nina miaka arubaini na kitu. Mwenye ardhi akipata mnunuzi anayetaka kusimamisha ghorofa, chako ni mabati na milango.

Nilikwenda kwa imamu wetu, mtu mwema ninayemheshimu. Akaniambia, "Subira yavuta heri, mwanangu. Haya ni majaaliwa." Sikumjibu. Najua mshahara wake watoka mfuko gani, na najua nani aliyenunua zulia la msikiti.

Aliyenijibu ni jirani yetu mmoja, Mkatoliki, mzee aliyefundisha watoto kanisani miaka mingi. Nilipomsimulia habari ya kifurushi na bahasha alicheka kidogo, akaniambia kuwa kulikuwa na askofu wa Brazil, Hélder Câmara, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Olinda na Recife kuanzia 1964 hadi 1985, ambaye hunasibishiwa usemi huu: akiwapa maskini chakula huitwa mtakatifu, akiuliza kwa nini hawana chakula huitwa mkomunisti.

Usemi ule ulinikosesha usingizi. Nikaanza kusoma, na ndugu msomaji, niliyoyasoma naona yatuhusu, ijapokuwa ni ya watu wa dini nyingine na bara jingine.

Mwaka 1968 maaskofu wa Kikatoliki wa Amerika ya Kusini walikutana mjini Medellín, Kolombia. Kwa karne nyingi kanisa lao lilikuwa upande wa wenye mashamba. Padri alimwambia mkulima avumilie, atalipwa peponi. Pale Medellín maaskofu walitamka kwamba mpangilio wa uchumi unaowanyima watu mahitaji ya lazima ni ukatili wenyewe, hata kama hakuna aliyeshika bunduki. Mwaka 1971 padri wa Peru, Gustavo Gutiérrez, aliyekuwa akiishi na kuhudumu katika mitaa ya maskini mjini Lima, alitoa kitabu kilichoipa fikra hiyo jina lake: teolojia ya ukombozi.

Kiini chake chaeleweka na mtu yeyote. Umaskini si majaaliwa, ni kazi ya mikono ya watu. Una sababu zake, na sababu hizo zaweza kutajwa: nani ana ardhi, nani anapanga bei, nani anaandika sheria. Ubepari unapomfanya mwanadamu kuwa gharama ya kupunguzwa, unaabudu mali badala ya Mungu, na hiyo kwao ni shirki kwa maana yake halisi. Sadaka isiyogusa sababu za umaskini huubakiza pale pale ulipo.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa El Salvador. Nchi ile ndogo ilitawaliwa na familia chache zilizomiliki mashamba makubwa ya kahawa. Wakulima walipoinuka mwaka 1932, waliuawa kwa maelfu. Óscar Romero alipoteuliwa Askofu Mkuu wa San Salvador mwaka 1977, matajiri walifurahi, kwani walimjua kuwa mtu mpole wa vitabu asiyependa zogo. Wiki chache baadaye, tarehe 12 Machi, rafiki yake Padri Rutilio Grande, aliyewasaidia wakata miwa wa Aguilares kujipanga, alipigwa risasi barabarani pamoja na mzee mmoja na kijana. Romero hakuwa yule tena. Kila Jumapili alisoma redioni majina ya waliouawa na waliopotezwa. Februari 1980 alimwandikia Rais Carter wa Marekani kumtaka asitishe msaada wa kijeshi kwa serikali ya El Salvador. Tarehe 23 Machi aliwaambia askari kwamba hawalazimiki kutii amri ya kuua. Kesho yake alipigwa risasi akiongoza misa.

Zingatia hili. Romero alikuwa na nyumba ya ibada iliyojaa, na waumini wakubwa waliokuwa tayari kumfadhili. Angenyamaza angekufa mzee kitandani.

Ndani ya kanisa lenyewe mambo hayakuwa shwari. Mwaka 1984 Vatican, kupitia idara iliyoongozwa na Kardinali Ratzinger, ilionya kwamba baadhi ya wanateolojia walichukua fikra za Marx bila kuzichuja na kuifanya dini kuwa vita vya matabaka. Mwaka uliofuata Leonardo Boff wa Brazil akaamrishwa anyamaze kwa muda. Onyo lile lilikuwa na haki yake, kwani dini ikigeuka chama, siku chama kikioza dini huoza nacho. Lakini waraka ule ule ulisema kwamba onyo hilo lisiwe kisingizio cha wale wanaonyamaza mbele ya dhulma. Sehemu hiyo wengi waliipita.

Na zama zimegeuka. Romero alitangazwa mtakatifu mwaka 2018. Papa Francis aliandika mwaka 2013 kwamba uchumi wa kuwatupa watu nje ni uchumi unaoua, na Novemba 2015 alikuja hapa kwetu Kenya, akaingia Kangemi, mtaa wa mabanda wa Nairobi, akasema wazi juu ya wanyakuzi wa ardhi wanaotaka hata viwanja vya kuchezea watoto wa shule. Gutiérrez alifariki Oktoba 2024, Francis Aprili 2025. Aliyeshika nafasi yake, Papa Leo wa 14, ni Mmarekani aliyeishi miaka mingi Peru, nchi ya Gutiérrez. Na Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya pesa ambayo Rais aliyatoa katika kanisa moja la Soweto. Zawadi za mwanasiasa zilirudishwa mlangoni! Nilijiuliza: msikiti wetu ungeweza?

Hapa najua baadhi ya wasomaji wameshakunja uso. Watasema Muislamu ana haja gani na mafunzo ya mapadri? Nakubali kwamba hatuna haja ya kuazima itikadi. Haya tunayo, tena tangu karne 14 zilizopita. Surat Al-Hashr, aya ya 7, imeweka msingi kwamba mali isiwe ikizunguka baina ya matajiri peke yao. Surat At-Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu manane ya zaka, na miongoni mwake ni kuwakomboa waliofungwa shingo na kuwatoa wenye madeni, yaani kumtoa mtu shimoni, si kumrushia mkate akiwa humo ndani. Na Surat Al-Qasas, aya ya 5, Mola ametaja nia yake ya kuwafanyia hisani waliodhoofishwa katika ardhi. Aya haikusema waliozaliwa dhaifu. Imesema waliodhoofishwa, na aliyedhoofishwa ana aliyemdhoofisha.

Wala Waislamu wenzetu hawakulala. Imamu Abdullah Haron wa Cape Town alipinga ubaguzi wa Makaburu, akafia kizuizini Septemba 1969, na mwaka 2023 mahakama ikathibitisha kwamba aliteswa. Mwanazuoni Farid Esack wa huko huko ameandika kwa kirefu juu ya Qur'ani na ukombozi, akizungumza waziwazi na wanateolojia hao wa Kikristo.

Uislamu haupingi biashara. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa mfanyabiashara, na mji wetu umejengwa na wafanyabiashara. Tajiri wa mtaa wetu huenda hakuvunja sheria yoyote. Kiwanja ni chake kwa hati, na hati zenyewe zina mzizi katika sheria ya mkoloni ya 1908, iliyowataka watu wa Pwani waje kudai ardhi zao kwa maandishi. Wasiodai, ardhi yao ikahesabiwa ya serikali. Lakini hilo ndilo funzo la mapadri wale: jambo laweza kuwa halali kwenye karatasi na likawa dhulma mbele ya Mungu. Kazi ya mwanazuoni ni kusema hivyo, hasa pale sheria inaponyamaza.

Basi mimi nauliza mambo matatu. Kwanza, lini mara ya mwisho ulisikia khutba ya Ijumaa juu ya kodi ya kiwanja na haki ya aliyejenga? Za mavazi na miziki tumezisikia nyingi. Pili, kwa nini zaka ya mtaa isikusanywe na kamati yenye hesabu iliyo wazi, iwagharamie wakili watu wenye notisi na kuwalipia madeni, badala ya kila tajiri kugawa vifurushi vyenye jina lake? Tatu, imamu atasema vipi kweli ikiwa chakula cha wanawe kiko mkononi mwa mtu mmoja? Wanaoswali nyuma yake tuchange, hata shilingi 100 kwa mwezi kila mmoja, ili mimbari iwe huru.

Miezi mitatu ya notisi ilikwisha. Tuko bado ndani, kwa kuwa majirani kumi na mmoja wenye notisi kama yetu tumeungana na kumtafuta wakili. Mzee wetu Mkatoliki, ambaye naye ni mmoja wetu, ndiye anayetunza daftari la michango. Vikao twafanya barazani kwa mama, baada ya Isha.

Mama bado amuombea dua yule tajiri. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Namuombea Mungu amfungue macho." Imamu hupita pale barazani akitoka msikitini. Wiki iliyopita alisimama, akasikiliza kidogo, akaondoka bila kusema neno. Namsubiri arudi.