Bastola ya kwanza ya shabaha isiwe ile ya kupigia picha

Olimpiki ya Paris ya 2024 ilituachia sura mbili ambazo hadi leo hazijaisha kwenye simu zetu. Ya kwanza ni ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, mzee wa miaka 51, mkono mfukoni, miwani ya kawaida tu, akaondoka na medali ya fedha. Ya pili ni ya Kim Ye-ji wa Korea Kusini, uso mkavu kama mtu anayengoja matatu, naye pia fedha. Mtandao ukapagawa. Na vijana ambao hawakuwa wamewahi kufikiria kwamba kulenga shabaha ni mchezo kama mchezo mwingine wakaanza kuuliza: hii kitu mtu huanzia wapi?

Swali ni zuri. Shida ni jibu. Muulize msee yeyote aliyekulia kwenye filamu za Hollywood na atakwambia bila kupepesa macho: tafuta 1911. Ile bastola ya chuma kitupu, nyundo nyuma, vibao vya mbao kwenye kishikio. Bastola yenye sura ya bastola.

Mimi nasema hapana. Ukipenda mtindo wa kale, penda, na nitakupa sababu za kuupenda. Lakini bastola yako ya kwanza ya shabaha iwe ya risasi ndogo ya .22. Hiyo kubwa ya .45 ingoje.

Tuanze na sababu za kuisifu, kwa sababu 1911 haikupata jina bure. Ilibuniwa na John Moses Browning na kupokewa na jeshi la Marekani mwezi Machi 1911. Kabla ya hapo ilipitia jaribio la kufyatuliwa risasi 6,000 na haikukwama hata mara moja. Ikabaki kuwa bastola rasmi ya jeshi hilo hadi 1985, Beretta ilipochukua nafasi yake. Kitu kinachotumika jeshini miaka 74 si fasheni.

Kwa mlenga shabaha, utamu wake uko kwenye kifyatulio. Bastola nyingi za kisasa za plastiki zina kifyatulio kirefu, unavuta weee hadi unajiuliza kama kuna kitu kitatokea. Kwenye 1911, nyundo huwa tayari imevutwa nyuma. Kifyatulio kina kazi moja tu, kuiachilia, na kinasonga kidogo sana kikienda nyuma moja kwa moja. Mvuto ni mfupi na safi. Ongeza uzito wa zaidi ya kilo moja ya chuma, ambao unatuliza mkono, na utaelewa kwa nini walenga shabaha wa Marekani waliigeuza bastola ya vita kuwa kifaa cha mashindano.

Lakini kumbuka ilitengenezwa kwa sababu gani. Katika vita vya Ufilipino, wanajeshi wa Marekani walilalamika kwamba risasi za bastola zao za .38 hazimsimamishi adui anayekuja mbio. Ndiyo maana wakataka .45. Kwa hivyo risasi ile nzito haikuwekwa pale kwa ajili ya karatasi yenye miduara. Karatasi haikimbii, na haihitaji kusimamishwa.

Hebu tupige hesabu. Kichwa cha risasi ya kawaida ya .22 kina uzito wa takriban gramu 2.6. Cha milimita 9 kina kama gramu 8 hivi. Cha .45 kinakaribia gramu 15. Na kila kinachotoka mbele kwa nguvu kina teke lake nyuma. Mtu anayeanza akipigwa teke hilo mara kumi, mwili wake unajifunza somo ambalo hakulipia: woga. Sekunde ndogo kabla ya mlio, mkono unabana, macho yanafumba, mtutu unainama. Risasi inaangukia chini, naye analaumu bastola.

Wakufunzi wana mtego mmoja wa kuufichua ugonjwa huu. Wanachanganya risasi bandia na za kweli kwenye magazini bila mwanafunzi kujua mpangilio. Ikifika zamu ya ile bandia, bastola inalia "kliki" tu, hakuna mlipuko. Lakini mtutu umeinama kama umepigwa rungu! Hapo huwezi kusingizia bastola tena. Ni wewe. Na tabia hiyo ikishaingia, kuitoa ni kazi ya miezi. Kwa .22 haina nafasi kubwa ya kuingia, kwa sababu teke lenyewe ni la kifaranga.

Halafu kuna pesa. Watu wengi wanapiga bajeti ya bastola na kusahau bajeti ya risasi. Bastola unainunua mara moja. Risasi ni kama bando, zinaisha. Ukifanya mazoezi ya risasi 100 kwa wiki, ambayo si mengi, ni risasi 5,200 kwa mwaka. Kote ambako mchezo huu unachezwa, risasi ya .22 ni rahisi zaidi ya ile ya .45, tena kwa mbali. Kwa kijana anayelipa kodi ya nyumba na kutuma pesa ushago, hiyo ndiyo tofauti kati ya kufanya mazoezi kila wiki na kuwa na bastola nzuri inayolala kwenye sefu. Mazoezi ndiyo yanayoleta shabaha, si sura.

Wazo hili si langu, na si geni. Mnamo 1931, uchumi wa dunia ukiwa umeanguka, kampuni ya Colt ilitoa bastola iliyoitwa Ace: umbo la 1911, lakini inatumia .22. Shabaha ilikuwa kuwapa watu mazoezi ya bei nafuu kwa umbo wanalolijua. Mnamo 1949, William Ruger akaanzisha biashara yake kwa bastola moja tu ya .22, yenye mshazari wa kishikio unaofanana na Luger ya Wajerumani. Iliuzwa dola 37.50, na vizazi vyake vinatengenezwa hadi leo. Na mwaka 2011, 1911 ilipotimiza miaka 100, Browning walitoa ya .22 iliyopunguzwa hadi asilimia 85 ya ukubwa wa ile ya asili. Kwa hivyo ukitaka ladha ya kale na risasi ndogo kwa pamoja, hutakosa cha kuchagua.

Hata wale Wamarekani wanaoiabudu .45 wana siri yao. Katika mashindano yao makubwa ya bastola, yale ya alama 2,700, mshindani hupiga risasi 270: 90 kwa .22, 90 kwa bastola ya risasi kubwa zaidi anayochagua, na 90 kwa .45. Yaani theluthi nzima ya mchezo ni .22. Na kwenye Olimpiki? Bastola ya mita 25 ni .22. Bastola alizotumia Dikeç na Kim kupata zile medali zilikuwa ndogo zaidi, za hewa, risasi ya milimita 4.5, tena moja moja. Hakuna aliyewacheka.

Najua pingamizi zinazokuja. Ya kwanza: "tuu-tuu ni ya watoto." Mwambie huyo Károly Takács wa Hungaria. Guruneti lilimharibu mkono wa kulia mwaka 1938, akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, akashinda dhahabu ya bastola za kasi London 1948 na tena Helsinki 1952. Mchezo wenyewe ni wa .22. Mtoto gani huyo?

Ya pili ina uzito zaidi. Hapa Kenya, mashindano ambayo raia wengi wenye leseni huyajua ni yale ya IDPA, kama yanayofanyika katika uwanja wa shabaha wa Kirigiti, kaunti ya Kiambu. Na vitengo vyake vya kawaida vinataka milimita 9 kwenda juu, kimoja kikiwa cha .45 pekee. Basi mtu atauliza: kwani ninunue kitu kisichoniruhusu kushindana?

Jibu langu ni kwamba mwaka wa kwanza si wa kushindana. Ni wa kujifunza kusimama, kupumua, kupanga vilengeo, na kuvuta kifyatulio bila kuamsha mtutu. Hayo yote yanahama nawe siku ukishika milimita 9. Woga nao unahama vilevile. Chagua utakachohama nacho. Na kama mfuko au leseni vinakuruhusu bastola moja tu maishani, basi walau chukua milimita 9 ya chuma, nzito, wala si .45, na uanze kujifunza kwa .22 ya klabu au ya mkufunzi chini ya uangalizi wake.

Sasa ukifika hatua ya kuchagua, angalia nini? Kwanza mkono wako. Shika kishikio, kidole cha shahada kifikie kifyatulio kwa pedi ya mbele ya kidole bila kujinyoosha wala kujikunja. Ikiwa unapindisha kifundo ili ukifikie, hiyo si yako hata ikiwa nzuri kiasi gani. Pili, vilengeo. Kwa shabaha, cha nyuma kiwe cha kurekebishwa juu, chini, kushoto na kulia. Bastola nyingi za kale za kijeshi zina kilengeo kidogo kilichokazwa pale pale, na kukisoma ni kama kusoma namba ya gari gizani. Tatu, ikimaliza risasi ya mwisho, ibaki wazi yenyewe. Kila aliye uwanjani ataona kwamba ni tupu.

Nne, na hapa wapenda historia watanuna: nunua mpya ya mtindo wa kale, si ya kale yenyewe. Luger ya Vita vya Kwanza vya Dunia ni kitu cha kuvutia, lakini vipuri vyake ni haba, na chuma chake kimeona mengi kuliko babu yako. Kivunje kipande kimoja chenye namba yake na thamani imeshuka. Isitoshe, bastola nyingi za zamani za .22 hazitaki kufyatuliwa tupu, kwa sababu pini inagonga ukingo wa chemba. Na kufyatua tupu, pale mkufunzi anaporuhusu, ndiyo nusu ya mazoezi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Yote haya nimeyasema kama mambo ya kiufundi, lakini hoja yangu kubwa si ya kiufundi. Ni kuhusu kile kitu tunachokipenda kwenye bastola.

Tuambiane ukweli. Katika mji huu, bastola kwa watu wengi bado ni kama saa ya bei ghali. Inainuliwa shati kidogo ionekane. Inawekwa mezani kando ya chupa. Tumesoma mara ngapi habari za mwenye leseni aliyechomoa silaha kwenye kilabu cha usiku kwa sababu ya kukanyagwa kiatu? Aliyepigwa risasi huwa kijana kama mimi na wewe. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haimpi Mkenya haki ya kuwa na bunduki. Inampa ruhusa, akiwa na sababu nzuri na asipokuwa hatari kwa umma, na cheti chenyewe kinataja bunduki na kiasi cha risasi. Mwishoni mwa 2018 serikali iliagiza raia wote wenye leseni wapigwe msasa upya. Ruhusa hutolewa, na huondolewa.

Ndiyo maana napenda .22 ndefu, nzito, yenye kilengeo kikubwa cha kurekebishwa. Haikai kiunoni. Haimtishi mtu. Haina sifa klabuni. Kazi yake ni moja, kutoboa karatasi, halafu inarudi kwenye sefu. Anayeichagua ameshajibu swali ambalo bodi ya leseni, mama yake na jirani yake wote wanataka kumuuliza: unaitakia nini?

Na anayesisitiza kuanza na .45 kwa sababu "hiyo ndiyo bastola ya mwanaume" naye amejibu.

Kwa hivyo usianze na duka. Anza na uwanja unaotambulika na mkufunzi mwenye subira. Vaa miwani na vifunika masikio, sikiliza zaidi ya unavyouliza, omba kufyatua .22 kisha milimita 9 kisha, ukitaka, hiyo .45, kwa siku hiyohiyo na umbali uleule. Halafu leta karatasi zote tatu mezani, uzipange kando kwa kando, uangalie matundu yako yako wapi. Baada ya hapo sina haja ya kukushawishi. Karatasi haina urafiki na mtu.