Kasri la Njoro lahitaji wakfu, si sifa

Maurice Egerton, yule bwana wa Kiingereza aliyelowea Njoro na kufariki mwaka wa 1958 bila mke wala mtoto, aliacha majumba mawili makubwa. La kwanza ni Tatton Park, makao ya jadi ya ukoo wake katika kaunti ya Cheshire, Uingereza, si mbali na jiji la Manchester. La pili ni kasri la mawe alilolijenga Njoro kati ya 1938 na 1954, ambalo leo ni mali ya Chuo Kikuu cha Egerton. Mwenyeji alikuwa mmoja, lakini majumba hayo yamelelewa kwa njia mbili tofauti, na katika tofauti hiyo mna funzo kwetu.

Jumba kuukuu halishibi. Paa huvuja, mbao huoza, kuta hupasuka, na fundi wa kuzitengeneza kwa ustadi wa zamani ni adimu na ghali. Wageni huja siku za likizo. Mchwa hana likizo. Anayedhani kwamba kiingilio cha mlangoni kitatosha kulitunza anajidanganya.

Waingereza walilitambua hilo mapema. Shirika la National Trust, lililoundwa mwaka wa 1895, liliruhusiwa na sheria ya 1937 kumiliki mashamba na rasilimali ambazo mapato yake yangetunza majumba. Kwa hiyo mtu anapotaka kulikabidhi nyumba, shirika hilo haliangalii uzuri wa dari tu, bali huuliza pia: nyumba hii inakuja na nini cha kuilisha?

Tatton ilirithishwa shirika hilo, nao uendeshaji na gharama vikachukuliwa na serikali ya mtaa kwa mkataba wa muda mrefu. Tangu 2009 mzigo huo umebebwa na baraza la Cheshire East. Kinacholisha jumba si jumba lenyewe pekee, bali pia uwanda wa takriban hekta 400 unaolizunguka. Aendaye kwa miguu au kwa baiskeli huingia uwandani bure, ilhali mwenye gari hulipia maegesho. Pana shamba la mifugo linalopendwa na watoto, maduka, na, kuanzia 1999, maonyesho makubwa ya maua yaliyofanyika huko kwa miaka mingi. Hata hivyo, baraza limelazimika kufidia pengo kwa fedha za umma.

Sisi wanaisimu husema kwamba neno likiwapo katika lugha, aghalabu dhana yake imekwisha kuishi miongoni mwa wasemaji. Kiswahili kina neno wakfu. Katika mwambao wetu, aliyejenga msikiti aliweza kuuwekea minazi au vibanda vya kukodisha, ili mazao na kodi vigharimie mafuta ya taa, mikeka na chokaa. Mali hiyo haiuzwi, wala hairithiwi. Wazee wa Lamu na Mombasa hawakuhitaji sheria ya London ili kulifahamu jambo hili.

Je, kasri la Njoro lina wakfu gani? Wageni hulipa kiingilio, na harusi hufanyika katika bustani zake. Kinaya kikubwa, kwani husimuliwa kwamba mwenyewe hakutaka mwanamke akanyage hapo. Lakini vyuo vikuu vyetu vya umma vimelemewa na madeni. Mimi nami hula mshahara wa chuo cha umma, na najua kwamba mhasibu akiwekwa kati ya mishahara iliyochelewa na paa linalovuja, paa litasubiri. Simlaumu. Nalaumu mpango unaomweka katika njia panda hiyo.

Rai yangu ni kwamba mapato ya kasri yawekwe katika hazina ya pekee, chini ya wadhamini kutoka chuoni, Kaunti ya Nakuru na Makavazi ya Taifa, na hesabu zichapishwe kila mwaka. Aidha, sehemu ya ardhi itengwe rasmi iwe wakfu wake. Chuo kilichoanza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo hakiwezi kukosa wa kuilima.

Wapo watakaouliza: kwa nini tugharimie fahari ya mkoloni aliyestarehe juu ya ardhi ya wengine? Swali hilo ni la haki, na waongozaji wa wageni wanapaswa kulijibu bila kuficha. Lakini jasho lililolijenga lilikuwa pia la Waafrika, na kuta zikianguka hakuna ekari hata moja itakayorudi kwa wenyewe. Kitakachopotea ni ushahidi.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kasri bado limesimama. Daftari na lifunguliwe sasa.